Mazungumzo ya Afya: Nyanya Anayetembea Usiku

Juma hili tutazungumza habari ya jambo linaloonekana katika jamaa nyingi, lakini watu hulisema kwa sauti ya chini tu. Nyanya aliyelea watoto na wajukuu, aliyejua kila njia ya shamba na kila jina la ukoo, anaanza kusahau. Kwanza hupoteza kisu cha jikoni. Kisha huitafuta sufuria ambayo ameishika mkononi. Baadaye humwita mjukuu wake kwa jina la mtoto aliyekufa zamani. Halafu huja jambo linalowatisha watu kupita yote: usiku wa manane, wakati wote wamelala, nyanya anaamka, anafungua mlango, anatembea uani akisema peke yake. Asubuhi akiulizwa, hana habari kwamba alitoka.

Hapo ndipo majirani huanza kunong'ona. Husema, "Nani atembeaye usiku, ila mchawi?" Na kama mtoto wa nyumba ya pili akipata homa juma lile lile, basi hukumu imekwisha katwa. Mwingine huongeza mithali, "Lisemwalo lipo." Sote twajua mambo hayo huishia wapi. Mzee hufukuzwa katika nyumba aliyoijenga, hupigwa, na mara nyingine huuawa.

Kwa hiyo habari ya leo si ya wataalamu peke yao. Yamhusu kila mwenye mama mzee nyumbani. Tutaeleza ugonjwa unaoharibu kumbukumbu, sababu ya mgonjwa kutembea usiku, na dawa moja ambayo wataalamu wameichunguza kwa miaka mingi, nayo ni dawa ambayo mwili wenyewe huitengeneza gizani.

Mganga Alzheimer na mgonjwa wake

Mwaka 1901, katika mji wa Frankfurt huko Ujerumani, mwanamke mmoja aliletwa hospitalini. Jina lake Auguste Deter, na umri wake ulikuwa miaka 51. Mganga Alois Alzheimer aliketi karibu naye, akamwuliza maswali, akaandika majibu yote. Alipomwuliza jina lake, alijibu: Auguste. Alipomwuliza jina la mume wake, alijibu tena: Auguste. Alionyeshwa vitu, naye baada ya kitambo kidogo alikuwa amevisahau.

Auguste alifariki mwezi wa Aprili 1906. Mganga Alzheimer aliuchunguza ubongo wake kwa hadubini, na mwezi wa Novemba mwaka ule ule akawaeleza waganga wenzake katika mji wa Tübingen mambo aliyoyaona. Aliona mambo mawili. La kwanza, kati ya chembe za ubongo palikuwa na madonge ya takataka. La pili, ndani ya chembe zenyewe palikuwa na nyuzi zilizosokotana kama uzi wa kushonea uliochezewa na mtoto. Mwaka 1910 mtaalamu mwingine, Emil Kraepelin, aliuita ugonjwa huo kwa jina la Alzheimer, na jina hilo limedumu hata leo.

Basi angalieni neno hili. Mwanamke yule hakulogwa na mtu, wala hakumloga mtu. Ubongo wake ulikuwa mgonjwa, kama vile moyo au ini liwezavyo kuwa gonjwa.

Madaraja ya ubongo

Ili tufahamu ugonjwa huo, yafaa kwanza tujue jinsi ubongo wenye afya unavyofanya kazi. Ubongo wa mtu una chembe za fahamu karibu miliari 86, yaani milioni elfu 86. Zamani wataalamu wengi walidhani chembe hizo zimeungana zote kama nyuzi za wavu mmoja. Mhispania mmoja, Santiago Ramón y Cajal, ndiye aliyeonyesha kwamba kila chembe yasimama peke yake. Kwa kazi hiyo alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1906, mwaka ule ule aliofariki Auguste.

Kama kila chembe yasimama peke yake, habari hupitaje kutoka chembe hii hata ile? Hupita mahali ambapo chembe mbili zakaribiana sana bila kugusana. Mahali hapo paliitwa sinapsi na mtaalamu Mwingereza Charles Sherrington, mwaka 1897. Nafasi iliyo kati ya chembe mbili ni ndogo kupita kufikiri: ukigawanya milimita moja katika vipande elfu hamsini, kipande kimoja ndicho upana wake. Chembe ya kwanza humwaga dawa kidogo katika nafasi hiyo, na chembe ya pili huipokea. Hivyo habari huvuka, kama mtu avukavyo mto kwa daraja.

Kumbukumbu zetu hukaa kwa sehemu kubwa katika madaraja hayo. Mtoto anapojifunza kusoma, sinapsi zake nyingine hupata nguvu na nyingine mpya hufanyizwa. Ni kama njia ya porini. Ikipitwa kila siku, hubaki wazi. Ikiachwa, majani huifunika.

Katika ugonjwa wa Alzheimer, madaraja hayo ndiyo yanayoharibika mapema. Mwaka 1991 Robert Terry na wenzake huko Marekani walilinganisha ubongo wa wagonjwa waliokufa na jinsi akili zao zilivyokuwa walipokuwa hai. Waliona kwamba upungufu wa akili hufuatana zaidi na upungufu wa sinapsi kuliko na hesabu ya yale madonge ya takataka. Madonge hayo hufanyizwa na protini iitwayo amiloidi, iliyotambuliwa mwaka 1984. Lakini kabla protini hiyo haijawa donge kubwa, huelea katika vifungu vidogo vidogo. Vifungu hivyo hushikamana na sinapsi na kuzizuia zisifanye kazi. Nazo zile nyuzi zilizosokotana ndani ya chembe ni za protini nyingine iitwayo tau. Chembe yenye nyuzi hizo hushindwa kupeleka chakula mpaka kwenye ncha zake, na sinapsi hunyauka.

Dawa ya gizani

Sasa tuje kwenye habari ya usiku. Katikati ya kichwa cha mtu kuna tezi ndogo kama punje ya mchele, iitwayo tezi ya pineali. Mfaransa René Descartes, katika kitabu chake cha mwaka 1649, alidhani kwamba hapo ndipo roho ya mtu hufanyia kazi zake kupita mahali pengine pote mwilini. Watu walikaa muda mrefu bila kujua kazi yake hasa. Ndipo mwaka 1958 Aaron Lerner, mganga wa ngozi wa chuo kikuu cha Yale huko Marekani, pamoja na wenzake, walipokusanya tezi nyingi sana za ng'ombe na kutoa ndani yake dawa moja safi. Akaiita melatonini. Yeye alikuwa akitafuta kitu kitakachomsaidia katika magonjwa ya rangi ya ngozi; hakujua kwamba amepata mjumbe wa usiku.

Maana ndiyo kazi ya melatonini. Macho yanapoona mwanga, hupeleka habari kwa kikundi cha chembe ndani ya ubongo, ambacho ni saa ya mwili. Saa hiyo huiamuru tezi ya pineali ikae kimya mchana. Giza likiingia, tezi huanza kumwaga melatonini katika damu. Huongezeka mpaka baada ya usiku wa manane, kisha hupungua alfajiri. Hivyo kila kiungo cha mwili hupata habari: sasa ni usiku, pumzika. Mwaka 1980 wataalamu walionyesha kwamba mwanga mkali ukimpiga mtu usiku, melatonini yake hushuka mara moja.

Mtu akizeeka, melatonini yake hupungua. Kwa mgonjwa wa Alzheimer hupungua zaidi. Mwaka 1999 wataalamu wa Uholanzi walipima maji ya ubongo wa watu waliokufa. Waliona kwamba waliokuwa na ugonjwa huo walikuwa na melatonini kidogo sana kuliko wazee wenzao wasiokuwa nao. Tena ile saa ya mwili, chembe zake hupungua katika ugonjwa huo.

Sasa mwaelewa kwa nini nyanya hutembea usiku. Saa yake imeharibika, na mjumbe wa usiku haji tena kwa wakati. Kwake yeye, usiku wa manane waweza kuwa asubuhi ya kwenda shambani. Ameamka, amekumbuka kazi aliyoifanya miaka arobaini iliyopita, naye anatafuta jembe.

Je, melatonini hulinda sinapsi?

Wataalamu waliona kwamba melatonini hupungua, wakajiuliza: Je, tukiirudisha, tutaweza kuyalinda madaraja ya ubongo? Sababu za kutumaini zilikuwapo.

Ya kwanza ni hii. Ubongo ni kama sehemu mbili tu katika mia ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu sehemu ishirini katika mia ya hewa safi tunayovuta. Na kila moto una moshi. Chembe zinapotumia hewa hiyo, hutokea vijisumu vinavyochoma ngozi nyembamba ya chembe. Sinapsi, kwa sababu hufanya kazi nyingi, huumia upesi. Mwaka 1993 Russel Reiter na wenzake huko Texas walionyesha kwamba melatonini huvikamata vijisumu hivyo na kuvizima.

Ya pili, mwaka 1997 Miguel Pappolla na wenzake walizitia chembe hai katika chupa pamoja na amiloidi, nazo zikafa. Lakini zilizotiwa melatonini pia ziliokoka. Mwaka uliofuata walionyesha kwamba melatonini huizuia amiloidi isijisuke kuwa nyuzi.

Ya tatu, mwaka 2003 walijaribu panya waliozaliwa na urithi wa amiloidi ya kibinadamu. Wale waliopewa melatonini walipata takataka kidogo zaidi katika ubongo, na waliokufa mapema walikuwa wachache zaidi. Majaribio mengine ya panya yameonyesha kwamba protini za sinapsi hubaki nyingi zaidi, na kwamba tau haichafuki upesi.

Ya nne ni usingizi wenyewe. Mwaka 2013 wataalamu wa Rochester, Marekani, waliona kwamba panya anapolala, nafasi zilizo kati ya chembe za ubongo hupanuka, na maji hupita na kuondoa amiloidi upesi kuliko anapokuwa macho. Ni kama mama afagiaye sokoni jioni, wanunuzi wakiisha kwenda.

Basi mtasema, "Tununue melatonini, nyanya apone." Ngojeni kwanza. Mtu mwaminifu husema habari yote, wala hafichi nusu yake.

Mwaka 2005 wataalamu walijaribu kuwapa melatonini panya wa aina ile ile, lakini waliokwisha zeeka na kujaa takataka katika ubongo. Haikuwafaa. Daraja ambalo bado limesimama laweza kulindwa. Lililokwisha anguka halisimami kwa kupakwa mafuta.

Na panya si mtu. Mwaka 2003 huko Marekani wagonjwa 157 wenye Alzheimer na shida ya usingizi walijaribiwa, wengine wakipewa melatonini na wengine vidonge vitupu. Waliopewa melatonini hawakulala kwa kuwapita wenzao kiasi cha kuaminika. Mwaka 2008 huko Uholanzi wazee 189 katika nyumba za kutunzia wazee walijaribiwa kwa melatonini na kwa taa kali za mchana. Taa zilipunguza kidogo kasi ya kuharibika kwa akili, na zilipunguza huzuni. Melatonini iliwasaidia kupata usingizi mapema, lakini ikitolewa peke yake iliwafanya wawe na moyo mzito, wakijitenga na wenzao. Mwaka 2014 majaribio madogo ya wagonjwa 80 yalionyesha faida kidogo katika akili kwa waliopewa melatonini itokayo polepole. Faida hiyo ni ya kutia moyo, lakini watu 80 ni wachache mno kwa kukata shauri.

Kwa hiyo ukweli ni huu: katika chupa na katika panya wachanga, melatonini imelinda sinapsi. Katika watu, haijathibitishwa kwamba yazuia ugonjwa wa Alzheimer wala kwamba yauponya. Akija mfanya biashara na kusema anazo tembe za kurudisha kumbukumbu ya mzee, anataka fedha zenu. Tena tembe zenyewe haziaminiki siku zote. Mwaka 2017 huko Kanada walipima aina 31 za melatonini zinazouzwa madukani. Katika nyingi kipimo kilichoandikwa juu ya chupa hakikulingana na kilichokuwa ndani. Na melatonini yaweza kugombana na dawa nyingine ambazo mzee anatumia. Asipewe bila shauri la mganga.

Tufanye nini nyumbani?

Kwanza, mpelekeni mzee kwa mganga. Si kila kusahau ni Alzheimer. Upungufu wa vitamini, ugonjwa wa tezi ya shingo, kaswende ya zamani, huzuni kubwa, hata dawa nyingine, huweza kuharibu akili, na baadhi ya magonjwa hayo huponyeka. Na kama mzee amechanganyikiwa ghafula, kwa siku moja au mbili tu, msikawie. Yaweza kuwa malaria au homa nyingine kali.

Pili, isaidieni saa yake. Asubuhi mkalisheni nje mwangani, ingawa chini ya mti. Mchana apewe kazi ndogo anayoiweza: kuchambua maharagwe, kukunja nguo. Asilale mchana kutwa. Jioni asinywe chai kali wala kahawa. Usiku zimeni taa kali, wala simu isiwake mbele ya macho yake.

Tatu, mlindeni. Mtu mmoja alale karibu naye. Kisima kifunikwe, moto uzimwe, panga liwekwe mbali. Akisema maneno yasiyo na maana, msibishane naye, kwani hawezi kushindwa kwa hoja. Aweza tu kutulizwa kwa sauti na kwa mkono. Na kazi hiyo isiachiwe binti mmoja peke yake mwaka mzima. Ndugu wapokezane.

Nne, nanyi mlio bado na nguvu, jitunzeni. Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa nchi nyingi lilisema kwamba karibu nusu ya magonjwa ya kupoteza akili yangeweza kuzuiwa au kuchelewa kama watu wangeondoa hatari zinazojulikana: kukosa masomo utotoni, damu kupanda bila kutibiwa, kisukari, tumbako, pombe nyingi, uziwi usiosaidiwa, upweke, na nyingine. Wanafunzi, mwasikia? Masomo ni ya kwanza katika orodha hiyo. Akili iliyozoezwa ina madaraja mengi, na yakianguka machache, habari hupata njia nyingine.

Tano, na hili ndilo kubwa: semeni wazi. Shirika la Afya la Ulimwengu lilihesabu kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa na magonjwa ya kupoteza akili, na zaidi ya nusu yao walikaa katika nchi zisizo tajiri. Katika nchi yetu ya Kongo, wataalamu wa Kinshasa wamekwisha anza kuwachunguza wazee wetu na kutafuta maswali yanayowafaa hata wasioingia shuleni. Kwa hiyo jirani akinong'ona, msinyamaze kwa aibu. Mwambieni, "Mama yetu ni mgonjwa. Ugonjwa wake una jina." Mwambieni kabla mtoto wa mtu hajapata homa, kwani siku ile hakuna atakayesikia. Mwelezeni mkuu wa mtaa, mwelezeni mwalimu, na wakubwa wa parokia pia. Mzee ambaye watu wote wanaujua ugonjwa wake ana walinzi wengi.

Wazee wetu husema, "Penye wazee haliharibiki neno." Sasa mzee mwenyewe maneno yamemharibikia, na zamu ni yetu.

Basi usiku huu ukisikia mlango walia, usipige kelele. Ondoka, mfuate nyanya polepole. Usimwulize kwa hasira aendako. Mwambie, "Nyanya, shamba tutakwenda kesho, mimi nawe." Mshike mkono, umrudishe kitandani, ukae naye kidogo mpaka pumzi yake itulie.

Hadi juma lijalo.